Muhati wa Kuokoa Maji

Huku Masisi, mashariki mwa Kongo, nguo unazoanika Jumatatu unazivaa Ijumaa, zikiwa na unyevu bado na harufu ya moshi wa jikoni. Mvua ikikosa siku mbili tunaulizana kama kuna msiba. Ndiyo maana tulishukuru sana tulipoletewa kanuni ya kuokoa maji.

Kanuni ilikuja pamoja na mtaa wenyewe. Kilima kilichokuwa malisho kilikatwa viwanja, kikabatizwa jina la Belle-Vue, na juu yake ikajengwa ofisi ya mabati ya buluu ili kutuchunga sisi tulionunua. Mkuu wa ofisi hiyo aliitwa Zéphyrin, kijana mtanashati kutoka Goma, mwenye viatu vyeupe. Kwa tope letu, viatu vyeupe ni ushujaa. Alituita akatusomea: kila nyumba mpya iwe na bustani isiyokunywa maji. Mbele ya mlango imwagwe kokoto, na mwisho wa kokoto upandwe mstari wa mimea inayovumilia ukame. Asiyepanda hapati hati ya kiwanja.

"Ukame njo nini?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, huku tukijibanza chini ya mabati tusilowe.

Zéphyrin hakucheka. Alisema wafadhili wamelifanyia jambo hili utafiti mkubwa. Hakusema waliufanyia wapi, lakini mimi nina hakika palikuwa na ngamia.

Sasa, katika mimea yote ya Mungu, mwerevu huyu akachagua muhati. Ni mti mwembamba wa majani marefu yanayong'aa. Kata kijiti, kichomeke ardhini, kitaota hata ukikitukana. Yeye aliona pambo. Sisi tunaona mpaka. Katika vilima hivi, anayepanda muhati kwa mkono wake amewaambia majirani kwamba ardhi yake inaishia hapo. Vita vilipotukimbiza, nyumba ziliungua na karatasi zote ndani. Tuliporudi tulikuta mihati imesimama katikati ya magugu, na kila mtu akalijua shamba lake. Hakuna mwanasheria aliyetufanyia kazi nzuri kama ile, wala kwa bei ile.

Jirani yangu Epiphanie alijaribu kumweleza. Epiphanie ni mjane. Alitoka kambini Kitshanga na watoto wawili na ng'ombe mmoja, Gaju, aliyebaki peke yake katika kundi zima la marehemu mumewe. Kiwanja chake kiko kwenye mteremko: juu yake kuna ofisi, chini yake kuna Sebarenzi. Nyumba iko upande wa juu, mlango ukitazama mteremko, na chini ya nyumba ndipo penye majani ya Gaju. Maziwa ya Gaju mimi nayageuza jibini, jibini inawasomesha watoto wake na kunilisha mimi, kwa hiyo usitegemee nisimulie habari hii kwa upole.

"Papa Zéphyrin," Epiphanie alisema, "kwetu muhati iko mupaka. Nikiipanda hapa mbele ya mulango, majani ya ng'ombe inabakia inje."

"Mama, hiyo iko plante ornementale, ya urembo tu," Zéphyrin akajibu, akivuta utepe wake wa kupimia. "Iko kwa liste. Panda, ao document yako inabakia mu tiroir ya meza yangu."

Alipima mwenyewe, akachora mstari kwa ncha ya kiatu, na kiatu kikaumia. Epiphanie alishuka kwanza kwa Sebarenzi. "Kaka, ujue: hii muhati iko ya bureau pale juu, haiko ya mupaka."

"Ninaelewa, dada yangu," Sebarenzi akasema kwa sauti tamu. Mtu huyu alikuwa ameomba kumnunua Gaju mara nyingi, na kila mara alikuwa akimtazama ng'ombe kidogo na majani sana.

Epiphanie akarudi, akaupanda. Muhati ukashika, kwani mvua iliyonyesha wiki ile ingeotesha hata mpini wa jembe. Na siku ulipotoa jani jipya, Sebarenzi akapanda mteremko na wazee wawili na kamba ya kufungia ng'ombe, akasema amekuja kuchukua ardhi yake, yaani majani yote yaliyo chini ya muhati, na kumtoa Gaju humo.

Alikuja Munyakazi, chifu wa mtaa, mtu mkavu asiyependa mzaha. Tukasimama mvuani. Sebarenzi akauliza swali moja tu: nani alipanda?

"Mimi," Epiphanie akasema. "Lakini bureau njo ilinituma."

Munyakazi akausogelea ule mstari. "Mimi nilipata shamba ya baba yangu sababu ya muhati," akasema. "Nikisema leo muhati iko maua, kesho vilima vyote vinawaka moto. Ila kama ulipanda kwa kulazimishwa, ngoa mwenyewe mbele yetu, sema haikukuwa mupaka. Inaisha."

Epiphanie akainama, akaushika muhati wa kwanza. Zéphyrin, aliyekuwa amekuja na mwavuli kutazama utamaduni wetu, akakohoa. "Akingoa, hayuko tena en ordre na kanuni. Parcelle yake, nyumba na yote, inarudi kwa bureau. Wageni wa projet wanakuja kesho kuona bustani."

Basi hapo ndipo hekima ya kuokoa maji ilipotufikisha. Akiacha muhati, anapoteza malisho. Akiung'oa, anapoteza nyumba. Nilimwona Epiphanie ameinama, ameshika lile shina, nikatamani kumpiga mtu, na mwavuli ulikuwa karibu. Sebarenzi alianza kukunjua kamba. Gaju, maskini, aliendelea kula.

Epiphanie aliachia shina. Akainuka taratibu na kutazama juu, kwenye ofisi.

"Chifu," akasema, "kama muhati iko muhati, iko hivyo kwa bantu bote?"

"Kwa bote."

"Basi mupande kule juu pamoja na mimi."

Tukapanda. Mbele ya ngazi za ofisi palikuwa na bustani ya mfano, ile ambayo Zéphyrin aliipanda kwa mikono yake mwenyewe huku akipigwa picha: kokoto nyeupe na mstari wa mihati ulionyooka. Chini ya mstari huo kulikuwa na uwanja wa ofisi, gari la ofisi, tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua, na choo. Na chini ya vyote hivyo kulikuwa na kiwanja cha Epiphanie.

"Nani alipanda?" Munyakazi akauliza.

Zéphyrin akafunga mwavuli, akaufungua. "Hii... hii iko ya État, ya serikali."

"État iko na mikono? Nani alipanda?"

"Mimi. Lakini Chifu, hii iko maua tu!"

Yeye mwenyewe alisikia alichosema: maua, neno lilelile ambalo Munyakazi alikataa kulisema.

"Basi unaijua namna ya kuimaliza," Munyakazi akasema. "Ao uache. Mama Epiphanie atachunga hapa. Choo pia iko yake."

Nimeona mambo mengi mazuri katika maisha yangu, lakini machache yanafikia Zéphyrin wa Goma akipiga magoti katika kokoto zake, aking'oa muhati mmoja baada ya mwingine na kutamka kila mara, kwa Kifaransa kwanza kisha kwa Kiswahili, kwamba haukuwa mpaka. Viatu vile havikurudi kuwa vyeupe. Alipomaliza, ofisi yenyewe haikuwa tena en ordre, na Epiphanie hakumwomba ruhusa tena. Alishuka, akang'oa ya kwake mbele yetu sote, akasema maneno yaleyale mara moja tu. Nilimshika bega.

Nilidhani yamekwisha. Lakini alirudi juu, akaokota mihati ya ofisi mzigo mzima, akateremka nayo mpaka chini kabisa, kupita nyumba, kupita Gaju, hadi mahali ambapo kiwanja chake kinaishia kweli. Akachimba shimo kwa kijiti. Mvua ikalijaza mara moja.

Zéphyrin akauliza kwa sauti ndogo kama mstari huo angeweza kuuonyesha kwa wageni kesho.

"Onyesha," Epiphanie akasema. "Hiyo haitaomba maji ya muntu."

Kisha akamgeukia Sebarenzi, ambaye kamba ilikuwa bado mkononi mwake, akamnyooshea shina la kwanza, kwa sababu mpaka uliopandwa na majirani wawili hakuna anayeweza kuubishia tena.

"Kaka," akasema, "weka kamba chini. Shika."

Akashika.