Jumanne Saa Mbili

Wiki ya kujiandikisha masomo, mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, haikupumzika. Tiroia Kabuta alisimama kwenye foleni ya ofisi za washauri tangu asubuhi, fomu yake ameifunika kwa mfuko wa mkate. Ulikuwa mwaka wake wa tatu chuoni, na mwaka wa mwisho wa ufadhili. Yalimbakia masomo mawili tu: Uchanganuzi Halisi na Aljebra Dhahania. Bila yote mawili shahada yake isingeitwa ya Hisabati. Ingeitwa ya jumla, na hiyo haikumfikisha mtu popote zaidi ya pale alipoanzia.

Hakuwa akitafuta cheo. Shuleni kwao, katika visiwa vya Kiribati, kitabu cha hesabu cha darasa la mwisho kilikuwa kimoja, na kurasa zake arobaini za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mwalimu alifundisha mpaka pale mchwa walipoanzia, akafunga kitabu na kusema, "Mengine yako Suva." Tiroia alikuwa ameyafuata.

Mshauri wake, Daktari Munsami, alikuwa akila roti, chapati iliyokunjiwa viazi, juu ya ratiba ya mwaka.

"Yote mawili yanafundishwa Jumanne na Alhamisi, saa mbili asubuhi," alisema. "Chukua moja."

"Na la pili, mwalimu?"

"Mwakani."

"Mwakani sina ufadhili."

"Hapo sasa." Daktari alifuta vidole. "Ratiba inapangwa na kompyuta, na kompyuta inanakili ya mwaka uliopita. Mwaka uliopita hakuna aliyesoma yote mawili."

"Hakuna aliyeweza, mwalimu."

"Ualimu wana nafasi tele, mwanangu. Watu wa kwenu wote huenda Ualimu, wala hawasumbui mtu."

Hakuwa mtu mbaya. Kwa kuwa fomu ilikuwa na mistari miwili, alitia sahihi yote miwili, akamwambia asihangaike, mambo yatajipanga yenyewe.

Yalijipanga. Jumanne ya kwanza ya muhula, Tiroia aliamka wawili.

Meere, binti wa shangazi yake, aliyekuwa akisomea uuguzi na kuishi naye chumba kimoja, aliwatazama kutoka kwenye jiko la mafuta, kisha akaongeza maji kwenye sufuria ya chai.

"Mmekuwa wawili," alisema.

"Vipindi vinagongana," mmoja alimjibu.

"Afadhali. Sasa nina watu wa kuosha vyombo. Lakini mwavuli wenu ni mmoja, msije mkanichukulia wangu."

Mmoja alivaa viatu na mwingine akavaa ndala, kwa sababu viatu vilikuwa jozi moja. Wa viatu alipanda kilima kwenda Uchanganuzi. Wa ndala aliteremka kwenda Aljebra, katika jengo la chini lenye madirisha ya vioo vya kupangana. Meere aliwaita Viatu na Ndala, na majina yakawakaa.

Kila mmoja alijua kile tu alichofundishwa. Jioni walikaa sakafuni wakaelezana, na aliyekuwa akieleza alifurahi kuona uso wake mwenyewe ukielewa. Kitanda kilikuwa cha mtu mmoja, wakalala wamegeuziana migongo. Posho ilikuwa ya mtu mmoja, wakakata muhogo katikati na kugawana kopo la samaki kwa kijiko. Kufikia wiki ya sita Ndala alikuwa akibana sketi kwa pini, na Viatu alikuwa amesinzia mara mbili darasani. Hawakulalamika. Kurasa zile arobaini zilikuwa zikirudi moja moja.

Wiki ya saba waliitwa ofisi ya usajili. Karani aliitwa Losalini, mama mnene mwenye ua la waridi jekundu sikioni, na aliwavutia viti viwili bila kuulizwa.

"Nambari yako ya mwanafunzi?"

Waliitaja pamoja.

"Nambari ni moja," alisema Losalini. "Kwa hiyo uko mmoja. Na kanuni inasema mmoja hawezi kuhudhuria vyumba viwili saa ile ile."

"Ndiyo maana tuko wawili, mama," alisema Viatu.

"Wawili hawawezi kutumia nambari moja."

"Na ratiba haiwezi kusogezwa hata saa moja?" Ndala aliuliza.

"Kusogeza ratiba kunataka wanafunzi watano wanaosoma yote mawili. Yuko mmoja."

"Tuko wawili."

"Mkiwa vyumbani mko wawili. Mkihesabiwa mko mmoja." Losalini alishusha pumzi. "Kanuni sikuandika mimi, wanangu. Mimi mwenyewe ningejua namna ya kuwa wawili, mmoja angekuwa nyumbani amelala." Akawapa fomu ya kujitoa. "Mmoja wenu ajaze hii kabla ya Ijumaa saa kumi na nusu. Mwingine atabaki na somo lake. Asipojitoa mtu, kompyuta inawatoa nyote."

Fomu ililala juu ya meza siku nne.

Kwa Wakiribati kuna jambo linaloitwa bubuti. Ndugu yako akikuomba kitu kwa njia hiyo, iwe shoka, iwe mtumbwi, iwe shati ulilovaa, huna mdomo wa kukataa. Unampa, kisha unakaa bila shati. Kila mmoja wa hao wawili alijua kwamba akimwambia mwenzake, "Nakuomba ujitoe," mwenzake atachukua kalamu. Kwa hiyo tangu Jumatatu hawakuombana kitu chochote. Chumvi ikiwa mbali, mtu alinyanyuka akaifuata mwenyewe.

"Anayetangulia kuomba ndiye anayepata," Meere aliwaambia Alhamisi, akipiga pasi sare yake ya uuguzi. "Kuku wa kwetu wanalijua hilo. Ninyi mmesoma mpaka mmeharibika."

"Wewe ungeniomba?" Viatu alimuuliza.

"Mimi ningekuomba jana, na chai ningekunywa kwa raha."

Lakini alipomaliza kupiga pasi alikaa kitandani, akaitazama fomu mezani.

Ijumaa saa kumi na dakika ishirini walikuwa mbele ya Losalini. Njiani kila mmoja alikuwa ameamua peke yake. Kila mmoja alikusudia kuijaza fomu yeye, ajitoe yeye. Kila mmoja alijua pia kwamba mwenzake amekusudia vivyo hivyo, kwa kuwa walikuwa mtu mmoja. Wakanyoosha mikono pamoja kuchukua kalamu.

"Nakuomba usijitoe," alisema Viatu.

"Nakuomba usijitoe," alisema Ndala, kwa pumzi ile ile.

Mikono yote miwili ikarudi mapajani.

"Sasa nani?" Losalini aliuliza.

"Hatuwezi, mama. Tumeombana."

Losalini alikuwa Mfiji, na kwao pia watu huombana wala hawanyimani, kwa hiyo alielewa vizuri sana. Aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Akainuka, akachemsha maji, akatengeneza chai, akaikoroga polepole sana, huku ameipa saa ya ukutani mgongo, ili ikiwezekana isiende. Saa ilikwenda. Saa kumi na nusu kompyuta iliwatoa wote wawili.

Waliendelea kuhudhuria. Hakuna aliyewafukuza, kwa sababu majina yao hayakuwa kwenye orodha yoyote ambamo yangeweza kufutwa. Novemba walifanya mitihani, saa ile ile, vyumba viwili. Wahadhiri walisahihisha kwa haki. Viatu alipata themanini na nane, Ndala tisini na moja. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuziandika, kila mhadhiri aliandika alama kwenye kipande cha karatasi akamkabidhi mwenyewe mkononi. Matokeo ya chuo yalisema: hakuhudhuria. Taarifa ya idara ilisema mwaka huo hakuna mwanafunzi aliyesoma yote mawili, na ratiba ya mwaka uliofuata ikanakiliwa jinsi ilivyo. Daktari Munsami aliitia sahihi.

Tikiti ya kurudi ilikuwa moja. Ndegeni walikaa kiti kimoja, mkanda mmoja. Walipotua Tarawa, kwao Kiribati, ofisa wa uhamiaji aligonga muhuri kwenye pasipoti, akawapisha wote wawili, maana foleni ilikuwa ndefu na jua kali.

Nyumbani, mama yao aliwaangalia akaingia ndani, akatoka na mkeka wa pili.

"Hisabati umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza," walisema.

"Cheti kiko wapi?"

Wakampa vile vipande viwili vya karatasi. Mama alivisoma, akauliza kipi ni cha nani, wakamwonyesha. Akauliza kama serikali itavikubali. Walisema haitavikubali. Akavikunja, akaviweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani.

"Na hivi mtakuwa wawili mpaka lini?"

"Mpaka tupangiwe saa tofauti," alisema Ndala.

Mama alifikiri kidogo.

"Basi laleni," alisema. "Mmetoka mbali."