Matanga ya Papa Bayingana

Asubuhi Mutesi alisoma kwenye redio ya Mweso tangazo la kifo cha Papa Bayingana, mfugaji wa Kashuga. Alisoma jina la marehemu, majina ya wanawe, kisha wito: ndugu wote, wa karibu na wa mbali, wafike matangani. Ofisi ya afya iliagiza kila tangazo la kifo lipitie kwanza kwa muuguzi. Mutesi hakulipitisha. Aliona aibu kuwauliza wafiwa mzee wao amekufa na nini.

Saa nne muuguzi Symphorien aliingia studio bila kubisha hodi. Majibu ya vipimo yalikuwa yamefika: mzee aliuawa na mafua mapya, yale yaliyokuwa yakizunguka dunia nzima.

Mkurugenzi wa redio, Grégoire, akamkabidhi Mutesi karatasi yenye muhuri. Matanga yamepigwa marufuku. Asome hivyo hivyo saa sita. Mutesi alikataa. Juma lililopita karatasi kama hiyo ilisomwa kwa msiba mwingine, na watu wakafurika maradufu wakidai maiti imeibwa. Grégoire alimuuliza kama diploma yake ni ya udaktari. Mutesi alimwomba jambo moja tu, laini ya simu ya studio iwe wazi saa sita, akapanda pikipiki.

Huko Kashuga alimkuta mjane, Mama Mukandori, ameketi mlangoni peke yake. Wanawe walikuwa wakichimba kaburi. Bondeni, waombolezaji wa kwanza walikwisha kuanza kupanda kilima na madumu ya maziwa. Mutesi alisimama mbali, akaeleza yote.

“Ni weye ulibaita,” mjane alisema. “Sasa unataka miye nibafukuze?”

“Mama, karatasi ya ofisi habataisikia. Sauti yako, batasikia.”

Mukandori alikohoa ndani ya kitenge chake, kwa muda mrefu.

“Anza weye. Sema jina yako, sema ulikosea. Kisha miye.”

Saa sita Grégoire alifungua laini. Mutesi alitaja jina lake. Alisema alipaswa kuuliza kabla ya kuita watu, na hakuuliza. Akaiweka simu juu ya jiwe, akarudi nyuma. Mjane akaiokota.

“Batu ya Bayingana, mulilie kwenu. Bwana yangu nitamuzika na batoto. Mwenye kuja hapa anakuja kuchukua ile ilimuua.”

Kule chini mtu mmoja alikuwa na redio sikioni. Wote walisimama. Walibishana, kisha mmoja akageuka, wengine wakamfuata. Sebagabo peke yake, mdogo wa marehemu, aliendelea kupanda.

Kashuga hakuna aliyewahi kufunga mlango wa nyumba yenye msiba. Mukandori aliinuka, akaingia ndani, akaufunga.

Sebagabo alifika penye lango la ua, akaita shemeji yake mara tatu. Alijibiwa na kikohozi. Alitua maziwa nje ya ua, akavua kofia, akajifunika nayo uso, akalia akiwa amesimama pale pale.