Mkono wa Mama Nikuze

Mimi sisahau. Watu wa Nyaishozi wananijua kwa hilo, na wengi hawanipendi kwa hilo. Mkutano ule wa kitongoji naukumbuka kama wa juzi: nani alikaa wapi, nani alijifanya anakohoa, na Gaudiosus mwoka mikate alivaa shati gani. Tajiri mmoja alikuwa amenunua shamba lenye chemchemi yetu, akazungusha senyenge, akapiga kufuli. Akina mama wakawa wanateremka mpaka bondeni kuchota maji ambayo ng'ombe wameshayavuruga. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji; nilisimama nikasema mpaka koo likanikauka. Mwisho nikauliza: anayetaka senyenge ile itoke, anyooshe mkono.

Ukanyooshwa mkono mmoja.

Ulikuwa wa Niyonkuru, ambaye sisi sote tunamwita Mama Nikuze. Alitoka Burundi akiwa msichana, akalima vibarua kwenye migomba ya watu, na mpaka siku ile hakuwa na kipande cha ardhi hata cha kupanda maharage.

"Shusha mkono, wewe mgeni," mtu akamwambia. Namjua aliyesema. Leo nitamwacha.

"Kwani mgeni hanywi maji?" Mama Nikuze akauliza, mkono ukiwa juu vilevile, kidole cha kati, kile kilichopindishwa na panga zamani, kikielekea pembeni.

Kwa mkono ule mmoja nilizunguka ofisi hii na ile, miaka. Waliponiambia nirudi wiki ijayo, nilirudi. Waliponiambia wananchi wako hawalalamiki, nilisema yupo mmoja, na nina jina lake. Senyenge ikatoka. Leo kila mtu anachota pale, hata wale waliokuwa wakitazama kucha zao siku ile. Gaudiosus anakandia unga kwa maji yale, na mimi tangu mkutano ule sikula mkate wake wala sikumsalimia.

Mama Nikuze nilimwambia ahsante mara nyingi. Kila mara ananikata: "Ahsante ya nini? Nilikuwa na kiu."

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nikasikia anahama. Binti yake, Nikuze, ameolewa Kibingo kule Kyerwa, na amemjengea mama yake chumba. Jumapili baada ya ibada bodaboda ingekuja kumchukua. Nikajiambia, huyu mama haondoki hapa bila shukrani yangu mkononi. Maneno anayakata, basi nitampa kitu asichoweza kukikata.

Mpwa wangu Immaculata aliwahi kutengeneza hereni na shanga huko Bugene, kwa udongo wa polima. Huo si udongo wa kuchimba. Ni kitu kama plastiki laini: unaukanda, unaufinyanga, halafu unauoka unakuwa mgumu. Alipohamia kwenye cherehani aliniachia katoni nzima, rangi zote za hereni. Nikaamua kuufinyanga mkono ule wa mkutanoni. Nikazikanda pamoja, nyekundu, njano, buluu, kijani, mpaka zikakubaliana kuwa kahawia. Mifupa niliisuka kwa waya, nikaijaza kwa foili zilizofunika vyakula vya harusi. Udongo nikausukuma kama chapati kwa chupa ya soda, nikauvalisha juu. Mkono ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu wote kutoka begani, kiganja kipana kama ungo.

Sikutaka mkono mdogo. Siku ile haukuwa mdogo.

Sasa, kuoka. Mimi najua namna moja ya kukipa kitu joto la pole bila kukiunguza, na kila anayekamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, huku kwetu anaijua: shimo la kuivishia ndizi. Nikawasha moto shimoni, nikautoa, nikatandika majani ya mgomba, nikaulaza mkono, nikaufunika kwa majani na udongo. Nilipofukua, mkono ulikuwa laini zaidi ya mwanzo, na mishipa ya majani imejichora kiganja kizima.

Nikampigia Immaculata simu.

"Mjomba, umeuzika?"

"Nimeuivisha."

Alicheka mpaka akaishiwa pumzi. "Mjomba, hiyo si ndizi! Unataka oveni. Joto la mkate, tena mkate ukishatoka. Ukizidisha utaungua, na moshi wake ni mbaya."

Oveni ya kuingiza kitu kikubwa vile, senta yote, ni moja. Ni ya Gaudiosus.

Nilikaa na mkono ule uani nikiutazama. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Gaudiosus niliyoyatunza tangu mkutano, yamekaa kichwani kwa mpangilio, yananisubiri tu. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikaufunga mkono kwenye kitenge, nikaubeba kama mgonjwa.

"Hodi."

Gaudiosus aliinua macho kutoka kwenye unga. "Mheshimiwa! Umepotea njia, au umekuja kunishtaki?"

"Nina kitu cha kuoka."

"Wewe? Unga umeupata wapi?"

Nikafunua. Akarudi nyuma. "Waitu! Nani kakatwa?"

"Wa Mama Nikuze. Ule wa mkutanoni."

Akaacha utani. Alijifuta unga kwenye aproni, akauzunguka ule mkono taratibu, akainama.

"Kidole umekosea," akasema.

"Mimi? Mimi sisahau, Gaudiosus."

"Wewe ulikuwa umesimama mbele, unatukodolea macho sisi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliutazama mkono ule kuliko wewe." Akakishika kidole cha kati kwa vidole vyake vilivyobaki na unga, akakipinda kidogo zaidi. "Hivi."

Na ilikuwa hivyo. Nilipokiona, nilikijua.

Yale maneno niliyoyatunza yalikuja mpaka kwenye meno. Nikayameza. Mtu aliyekumbuka kidole kwa miaka yote hiyo, ningemwambia nini ambacho hajajiambia?

"Mikate yangu ikinuka plastiki, utaila wewe," akasema.

"Nitaila."

Alitoa mikate ya mwisho, akafagia makaa. Akarusha unga kidogo kwenye sakafu ya oveni, ukageuka mweusi. Tukangoja. Akarusha mwingine, ukabaki mweupe. "Sasa," akasema. Tukaulaza mkono kwenye karai la mchanga, tukausukuma ndani, tukakaa kwenye magunia tukila skonsi zilizovunjika. Skonsi zake ni nzuri. Nimejinyima mambo mengi kwa hasira.

Jumapili Mama Nikuze alikuwa mlangoni kwake, mizigo imeshafungwa, Projest wa bodaboda akimhimiza.

"Shikamoo, Mama Nikuze."

"Marahaba. Yewe Kahigi, huo ni mkono au mti?"

"Ni wako."

"Mimi sina mkono mkubwa hivyo."

"Huwezi kujua. Wewe ulikuwa nao upande wa ndani."

Akakigusa kidole kilichopinda, kisha akapitisha kidole chake kwenye mistari ya kiganja. "Na hii mishipa?"

"Majani ya mgomba. Niliutia kwenye shimo la ndizi."

Alicheka, akaketi chini kabisa. "Basi ni wangu kweli. Umeuivisha!" Kisha akaweka kiganja chake ndani ya kile kikubwa, akakiacha hapo. Nilingoja aseme, "Ahsante ya nini?" Alinyanyuka, akaupokea kwa mikono yote miwili, akauinamia kidogo, kama tunavyopokea kitu cha heshima.

"Haya," akasema. "Nimepokea."

"Na huo mkono nao unataka helmeti?" Projest akauliza.

Tuliufunga wima mgongoni mwa Mama Nikuze kwa kamba za mpira, vidole juu. Pikipiki ikashika barabara ya senta. Watu waliokuwa wanatoka kanisani wakaona mkono mkubwa unakuja umenyooshwa, na mtu akinyooshewa mkono barabarani hufanya nini? Wakanyoosha yao. Benadeta wa dukani, wazee wa kahawa, wasichana wa kwaya. Gaudiosus alikuwa mlangoni pake, mkono wake mweupe wa unga uko juu, wala hakuushusha mpaka pikipiki ilipopinda.

Nilianza kuhesabu mikono, kwa mazoea. Nikaacha. Nikakumbuka kwamba wangu nao bado uko chini, nikaunyoosha.