Jua Lililomfuata Fridah

Asubuhi hiyo ya Novemba, mwaka wa 2006, Bilha alianika mahindi juu ya turubai mbele ya ploti ya Hiram, safu za vyumba vya kupanga katika mtaa wa Tuwan, kisha akamwita jirani yake Fridah aje akae karibu. Mawingu yalikuwa yamefunika Kitale nzima. Fridah alitoka na mwavuli, akaketi kwenye kistuli, na kipande cha jua chenye upana wa sinia kikashuka kikamtua mabegani. Mahindi yakaanza kukauka.

Jua lilikuwa na mazoea ya kumfuata Fridah tangu utotoni mwake huko Ndalu. Alikuwa na ualbino, na kama kuna mtu jua lingefaa kumwacha, ni yeye, lakini lilimpenda. Lilipenya mwavuli. Lilimngoja nje ya kanisa. Wanawake wa ploti walizoea kutundika nguo mahali alipoketi, na hakuna aliyemuuliza vidonda ambavyo jua lilimchoma shingoni vitapona lini.

Binti wa Bilha, Nyambu, alikuwa anakaribia miaka miwili na hajasimama. Miguu yake ilikuwa na matege. Vyumba vya Hiram vilijengwa mgongo kwa mgongo bila dirisha, ua ukafunikwa mabati kwa sababu ya wezi, na mtoto alishinda humo na yaya huku mama yake akiuza nafaka sokoni.

"Kesho naenda Lugulu kuonyesha hii shingo," Fridah alisema. "Si ukuje na mtoto, bana? Wamuangalie miguu."

Wakaenda. Kwenye hospitali ya misheni, nesi aitwaye Lenah aliwapima wote wawili, kisha akacheka.

"Huyu mtoto amekosa jua. Wewe Fridah, imekuzidi. Na ati mnakaa mlango kwa mlango!"

Akampa Bilha dawa ya matone, akamwambia amtoe mtoto asubuhi, mikono na miguu wazi, kwa muda mfupi, kabla jua halijawa kali. Fridah alipewa mafuta ya kukinga ngozi. Avae mikono mirefu na kofia pana, na mchana akae ndani.

"Sista, nikikaa ndani itanitafuta."

Lenah akafikiri. "Basi ikikutafuta, iambie mahali pa kukaa."

Kesho yake asubuhi Fridah aliingia chumbani kwa Bilha amejipaka mafuta mpaka masikioni, akaketi nyuma ya pazia la kitanda. Bilha akafunga mlango. Walilisikia jua likizunguka ploti, mabati yakilia kwa joto. Kisha likapita ndani ya ukuta wa mawe, likatandaa sakafuni kama uji, likaelekea kwenye pazia.

Fridah, ambaye maisha yake yote alikuwa akilikimbia, alinyoosha kidole.

"Hapana. Kwangu usikuje. Kaa hapo kwa mtoto."

Jua likasimama. Likarudi nyuma, likamlalia Nyambu miguuni.

"Ngai! Imekusikia!" Bilha aliruka akipiga makofi. "Fridah, imekusikia!"

"Kumbe ilikuwa inangoja kuambiwa, dada!" Fridah alikuwa analia na kucheka.

Kelele zao ziliwaleta majirani. Kina mama waliingia na watoto wao, wakawavua soksi, wakawalaza kando ya Nyambu bila kuuliza neno. Lilipoanza kuwa kali, Fridah akasema, "Haya, imetosha," nalo likatoka lilikoingilia.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Shingo ya Fridah ikapona. Kabla ya Pasaka, Nyambu alishika ukingo wa kitanda, akasimama, akaachilia, akatembea. Bilha alipiga vigelegele mpaka mwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara akazima injini kuuliza ni harusi ya nani.

Hiram alifika siku iyo hiyo. Bilha alimkimbilia.

"Mzee, mtoto ametembea! Sasa tutobolee dirisha, hata ndogo. Fridah akienda kwao, hawa watoto watabaki na giza."

Hiram alichungulia chumbani, akaona watoto wamelala kwenye mwanga, akafurahi kwa dhati.

"Dirisha ya nini, na jua inaingia yenyewe?"

Mwezi uliofuata alianza kujenga safu nyingine nyuma, akiwaambia wapangaji wapya kwamba ploti yake ina jua la ndani. Wakaja kungojea vyumba, wamebeba watoto migongoni.

Fridah hakwenda Ndalu. Aliamka mapema zaidi, akafunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akaingia chumba hadi chumba na jua nyuma yake, akiliambia pa kukaa. Bilha alimshikia mwavuli. Nyambu aliwatangulia kwa miguu yake mwenyewe, akigonga milango na kupaza sauti, "Jua! Jua!" na kina mama wakafungua wakicheka. Nyuma ya ploti mafundi walikuwa wamefika kwenye linta, usawa wa juu ya milango, na ukuta ulikuwa umepanda mzima, bila mwanya wa dirisha popote.