Bomba Kupitia Tuta la Tereza

Siku mke wangu Tereza alipofariki, ndoo zake mbili za bluu zilikuwa kwenye korido ya nyumba yetu hapa Vårby gård, Sweden, moja ndani ya nyingine, mipini ina udongo mkavu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilirudi kutoka hospitali na binti yetu Tiana, nikazigonga kwa mguu gizani, nikasema samahani kwa sauti, kama nilivyozoea kumwambia mwenye ndoo. Tiana akawasha taa.

Tereza alikuwa na shamba. Kwa kweli ni kipande cha bustani cha kukodi, kidogo kuliko sebule za watu wengine, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Lakini yeye alikulia Masaka na hakukubali kukiita jina dogo. Alilima sukuma wiki, maboga kwa ajili ya majani, na vitunguu saumu, ambavyo huku hupandwa kabla ya baridi, vikalala chini ya theluji na kuchipua mwezi wa nne.

Maji hayakuwepo. Mimi, nisiyependa kilimo, nilikuwa nayateka ziwani na kuyapandisha kwa toroli. "Punda wangu huyo anakuja," Tereza aliwatangazia majirani, nami nililia kama punda ili wacheke. Wamuyu, muuguzi kutoka Nyeri mwenye shamba la pembeni yetu, alisema tangu nifike Sweden sijapata kazi inayonifaa zaidi.

Kila mwaka Tereza aliwaomba manispaa watuvutie bomba. Kila mwaka walimjibu kwamba mtandao wa maji uko mbali na gharama haina maana kwa ajili ya kabichi. Basi yeye na Wamuyu wakaamua kujitegemea. Walivuta mpira kutoka kwenye pipa la maji ya mvua huko juu, wakaufukia kidogo tu, kama ambavyo tungefanya nyumbani. Haikuwajia akilini kwamba maji yaliyobaki ndani yangeganda. Theluji ilipoyeyuka tuliuchimbua ukiwa umepasuka kotekote, kama muwa uliokanyagwa na lori. Tereza alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope.

Baada ya mazishi niliamua kurudisha shamba kwa chama cha bustani. Nilitaka kitu kimoja tu kwanza: vitunguu saumu alivyopanda mwezi wa kumi, kazi ya mwisho ya mikono yake. Nikishavivuna mwezi wa saba, nitatoa ufunguo wa geti.

Kisha likaja bomba kubwa. Manispaa kadhaa za huku kusini zilikuwa zimeungana kulaza bomba moja la pamoja, ili mitambo ya maji ya upande mmoja ikiharibika, watu wake wapate maji ya upande mwingine. Njia yake ilipita chini kabisa ya mteremko wetu. Nora, mwenyekiti wa chama, alituita akatueleza kwamba sasa umbali si hoja tena. Kilichobaki ni tawi fupi la kupanda mpaka kwetu. Klabu ya maboti nayo iliomba tawi, na uwanja wa mpira pia. Watu waliokataliwa miaka nenda miaka rudi walirudi na maombi yaleyale, na safari hii waliulizwa tu wanataka lichomoze wapi.

Letu halikuwa na pa kuchagua. Bomba la bustani lazima limwagwe maji yote kabla ya baridi, kwa hiyo koki ya kulimwaga hukaa mahali pa chini kuliko pote. Shamba la chini kuliko yote lilikuwa letu, na sehemu yake ya chini ilikuwa tuta la vitunguu saumu, vilivyokuwa vimeshatoa majani marefu kama kidole. Kusubiri mavuno hakukuwezekana. Katapila lilikuwa pale wiki hiyo tu, kisha mtaro ungefukiwa na njia ya baiskeli kuwekwa lami juu yake.

Nora aliniuliza kama wachimbe, huku anatazama viatu vyangu. Alisema nikikataa hakuna atakayenilaumu, na najua alimaanisha. Nilimwambia nitamjibu kesho.

Jioni nilimweleza Tiana. Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba mama angekuwa ameshaanza kuchimba. Wamuyu alipita na chapati, akakaa, akanitazama nikizungusha chai.

"Baba Tiana," alisema, "huyu mama alitaka nini? Vitunguu au maji?"

"Vyote viwili."

"Na angemtuma nani?"

Wote watatu tulijua ni punda wake.

Asubuhi nilichukua ndoo za bluu nikaenda. Hakim, kijana wa Kiganda aliyezaliwa hukuhuku, Sundbyberg, ndiye aliyeendesha katapila. Alipoona nimepiga magoti kwenye tuta alizima mashine.

"Mzee, chukua muda wako," alisema. "Mimi nalipwa kwa saa."

Nilichimbua kila kitunguu na donge lake la udongo, nikakipanga kwenye ndoo kama yai. Zilijaa kabla sijafika katikati. Nilipoinua kichwa, Wamuyu alikuwa anashuka na ndoo zake, nyuma yake Nora na yake, na wengine nyuma yao, wote na zile za kubebea maji. Kila mtu alijaza, akapanda mteremko, akaenda kuvipanda kwake. Mimi vyangu nilivihamishia kando ya uzio. Hakim akawasha mashine.

Maji yalifunguliwa mwezi wa tano. Yalitoka kwanza ya kahawia, na Wamuyu akasema chai iko tayari, tulete sukari. Yalipotakata Nora alipika kahawa kwa maji hayo, tukainywa tukiwa tumesimama, na mimi nikaombwa nilie kama punda kwa mara ya mwisho. Nililia. Tiana alijificha uso, lakini alicheka.

Vitunguu havikufurahia kuhamishwa. Mwezi wa saba vilitoka vidogo, vimepinda, lakini vikali mpaka macho yanatoka machozi. Kila jirani aliniletea kichwa kimoja, na mwezi wa kumi nikapanda punje zake.

Ufunguo wa geti sikuurudisha, kwa sababu koki iko kwangu na lazima mtu aiangalie. Nafungua maji mwezi wa tano, na kabla ya barafu nafunga maji na kumwaga yote yaliyobaki kwenye bomba.