Vyuma Chini ya Leso

Ulimwona, ukageuza uso. Usikatae. Ulisimama pale soko la samaki Mbita ukichagua mbuta mnene, na mwanamke aliyekukatia minofu alikuwa na mimba ya miezi saba na mikono myembamba kama fito. Ulijiambia, huyu ameumbwa hivyo. Ukabeba samaki wako ukaenda.

Anaitwa Dorine. Kutwa alipasua samaki wa watu, jioni akala ugali na maji ya mboga. Si kwamba nyumbani hakukuwa na chakula. Kuku wa mama mkwe wake walitaga mpaka chini ya kitanda. Ila Dorine alikuwa bado hajapewa jiko. Kwao, mke mpya hupika kwenye jiko la mama mkwe mpaka mama mkwe mwenyewe amkalishie mafiga yake. Na mumewe, Javan, alikuwa Migori, kwenye mashimo ya dhahabu ya Osiri. Kwa hiyo sufuria ilikuwa ya Benta, mwiko wa Benta, na aliyeamua nani ale nini ni Benta.

Benta alikuwa na sheria zake. Yai hapana. Samaki wa mafuta hapana. Parachichi usiliangalie hata kwa mti.

"Mtoto atanenepea nje," alisema. "Ndani awe mdogo, apite. Mtoto mkubwa huleta kisu cha daktari."

"Lakini Mama, nasikia njaa."

"Njaa haijaua mjamzito. Kisu kimeua."

Usimcheke. Benta ndiye aliyemshika mkono dada yake, Awino, akifa kwa uzazi kule Rangwe, na waliotoka mazishini walitoka na neno moja: mtoto alikuwa mkubwa. Miaka mingi imepita na hakuna aliyerudi kumwambia jingine. Wenye magari ya afya walikuwa na shughuli. Wenye vipaza sauti walikuwa na shughuli. Hata wewe.

Mwezi uliopita nesi wa kliniki, Cate, alikuwa amemwonya Dorine: uzito haupandi, na akirudi vile vile atapelekwa hospitali kubwa alazwe. Benta angesikia neno kulazwa angeona kisu kimeshanolewa. Basi Dorine akatafuta njia yake. Asubuhi ya kliniki aliokota vyuma vya kuzamishia nyavu, akavifungia kwenye kitambaa, akakizungusha kiunoni chini ya leso. Akaenda, mama mkwe nyuma yake.

Akapanda mizani. Cate akatazama, akatazama tena, akatabasamu.

"Dorine, umekula nini wewe?"

"Nakula tu, Sista."

"Mama, hongera. Mnamtunza."

Benta, pale kwenye benchi, akamtupia mkaza mwana jicho la kuchinja. Yai la nani limeibwa?

Kisha Cate akamlaza kitandani ampime tumbo kwa utepe. Tumbo lilikuwa lile lile la mwezi uliopita. Uzito umeruka, tumbo limekaa. "Legeza leso kidogo," alisema. Dorine akaing'ang'ania kwa mikono miwili. Fundo likaachia. Vyuma vikamwagika sakafuni kwa kishindo, kimoja kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Benta.

Nje ya pazia mwanamke mmoja kwenye foleni akauliza, "Huko ndani mnapima mtu ama mnatega mbuta?"

Foleni nzima ikacheka. Dorine hakucheka.

"Sista, wewe unataka nipande," alisema huku machozi yakimtoka. "Mama anataka nishuke. Mimi niende wapi?"

Cate hakugomba. Alikaa kwenye benchi kando ya Benta, akamuuliza anaogopa nini. Benta akamtaja Awino, mara ya kwanza mbele ya mtu wa hospitali.

"Alikufaje?"

"Damu. Ilitoka tu. Gari halikuja."

"Na chakula, alikuwa anakula nini?"

"Mboga. Mama yetu alimkataza hivyo vingine."

"Mtoto alikuwa na uzito gani?"

Hakuna aliyempima. Ni Benta aliyemwosha mtoto yule, akamfunga kitenge. Sasa aliinua mikono kuonyesha, akaipanua, na mikono ikakataa. Ikasogeleana yenyewe, ikasimama. Nafasi iliyobaki kati ya viganja ingemtosha njiwa.

"Alikuwa mdogo," alisema polepole. "Mdogo kabisa. Mbona tulisema mkubwa?"

"Asiyekula vizuri huwa na damu haba, na ikitoka kidogo imemmaliza," Cate alisema. "Simwambii Dorine ale kwa watu wawili. Ale vizuri: yai, samaki, maharagwe, mboga, tunda. Na njia ya kuzaa tutaiangalia pamoja, wewe ukiwepo."

Benta aliondoka pale mbio, Dorine akashindwa kumfuata. Benta hakungoja Javan arudi, hakungoja siku ya desturi. Alipofika boma alimbingirishia Dorine mafiga matatu kwa mikono yake mwenyewe, akachota makaa ya jiko lake, akayapuliza chini ya sufuria mpya. Majirani wakasikia, wakaja wakikimbia, vigelegele vikapaa. Kichwa cha mbuta kikachemka, mayai yakafuata. Mmoja alileta soda na mandazi, akafukuzwa navyo.

"Tunajenga mtoto," Benta alisema, "hatufanyi harusi."

Javan akapiga simu, ikawekwa sauti ya juu. "Mathe, huku dhahabu sijaona. Nasikia iko huko jikoni."

"Tuma ya maharagwe, ndiyo uongee."

Dorine alikula akiwa amesimama, kwa vidole, mchuzi ukimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hakuna aliyemwambia pole pole.

Kliniki iliyofuata Cate alimkung'uta leso kwanza. Kisha mshale wa mizani ukapanda, utepe ukaongezeka, na mtoto akapiga teke mpaka utepe ukacheza. Benta akalipuka kwa kigelegele, foleni ikampokea, hata yule wa utani wa mbuta.

Sasa wewe. Karibu nawe kuna mjamzito, na unamjua. Weka chini hiki unachosoma. Nenda umuulize leo amekula nini, na ni nani aliyemkataza. Usiende mikono mitupu. Chemsha mayai kwanza. Kisha kaa na mwenye mwiko wa nyumba hiyo mpaka akuambie anamkumbuka nani, na umpeleke kliniki pamoja na mjamzito huyo. Usiseme kesho. Inuka.