Gia ya Kuvukia Tarach

Ebenyo Lokwang alikuwa akitengeneza baiskeli Lodwar tangu alipomaliza shule, lakini hakuwa amewahi kuletewa mteja kwa lori. Asubuhi ile lori la mizigo lilisimama mbele ya kibanda chake. Dereva na utingo wake wakateremsha baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Kisha dereva akarudi juu, akambeba mwanamke mmoja mgongoni, akamshusha na kumweka kitini taratibu.

"Ejok," mwanamke alimsalimu kwa Kiturkana, akitandaza vizuri baibui lake juu ya miguu. "Wewe ndiye fundi Ebenyo? Naitwa Hamdiya, natoka Kakuma. Huyu ni kaka yangu Abdisamad. Anapeleka mzigo Kitale, atanipitia akirudi."

"Ejok-noi, dada. Karibu. Baiskeli ina shida gani?"

"Haina shida. Nataka uiwekee gia."

Ebenyo alicheka, akidhani ni utani. Hamdiya hakucheka.

Akamweleza. Polio ilimshika miguu akiwa mtoto mdogo, kabla familia yake haijavuka mpaka kuja Kenya. Sasa alikuwa mwalimu wa ushonaji katika kituo kimoja ng'ambo ya Tarach, laga inayopita Kakuma. Mvua ikinyesha milimani laga hujaa maji na hakuna anayevuka. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu, na mchanga ule baiskeli yake ilikuwa haiuwezi. Pedali zilikuwa nzito kama kusukuma ukuta. Kila asubuhi ilibidi asimame ukingoni angoje mtu wa kumsukuma.

"Jirani yangu Faiso ndiye hunisukuma siku nyingi. Asipokuwepo, yeyote anayepita. Watu ni wema, sijawahi kukosa mtu. Lakini mimi ni mtu mzima, fundi. Nimechoka kuanza kila siku kwa kungoja."

Wiki chache nyuma alikuwa amewaona waendesha baiskeli wakivuka laga ile. Wengi walishuka wakakokota. Msichana mmoja mwembamba alipanda ukingo akiwa amekaa, miguu ikizunguka haraka kama cherehani, wala hakuhema. Hamdiya alimwita, akamuuliza siri yake. Msichana akainama, akamwonyesha magurudumu ya meno kwenye tairi la nyuma, makubwa kwa madogo, na kile chuma kinachohamisha mnyororo.

"Akasema umemfungia wewe."

"Huyo ni mpwa wangu," Ebenyo alisema. Akaizunguka baiskeli ya Hamdiya polepole, akachuchumaa, akaushika uma wa mbele. Pedali za mikono zilikuwa kifuani pa mpandaji, na mnyororo ulishuka wima hadi gurudumu la mbele. "Lakini dada, nikuambie ukweli. Sijawahi kuweka gia kwa baiskeli kama hii."

"Na mimi sijawahi kuvuka Tarach peke yangu. Tuanze."

Ebenyo alikumbuka jibu hilo kwa muda mrefu. Wateja wake wengi walitaka ahadi kabla hajashika spana. Huyu alitaka kazi ianze.

Hamdiya alifikia kwa shangazi yake, mwenye duka la vitambaa pale mjini, na kila asubuhi alikuwa kibandani kabla ya Ebenyo kufungua kufuli. Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kufunga. Baiskeli ya gia huzaliwa na sikio la chuma karibu na ekseli, na kile kihamisha mnyororo huning'inia hapo. Baiskeli ya Hamdiya haikuwa na sikio. Ebenyo akakata kipande cha bamba nene, akakitoboa, akachonga uzi wa skrubu ndani ya tundu, akampelekea mchomeaji wa jirani akichomelee kwenye uma. Akabadilisha kitovu cha gurudumu ili kibebe friwili ya meno ya ngazi saba. Akafunga kihamisha mnyororo, chuma kilichotengenezwa kukaa nyuma, sasa kikawa mbele. Akapima mnyororo kwa kuuzungusha kwenye gia kubwa kuliko zote, akaongeza pingili kidogo, akakata, akaunga.

Levi, kile kidude cha kubonyeza ili gia ibadilike, ikawapa kazi ya kufikiri. Pedali zinazunguka, kwa hiyo haiwezi kukaa juu yake. Ebenyo alitaka kuifunga chini, karibu na goti.

"Hapana," Hamdiya alisema. "Nikipeleka mkono huko nitainama, na nikiinama baiskeli itapinda njia. Weka hapa." Akagusa nguzo ya usukani, chini kidogo ya pedali. "Nitaachia mkono mmoja tu, nibonyeze, nirudishe."

Ebenyo akajaribu mwenyewe kukaa kwenye kiti kile. Akaona alichoona Hamdiya. Levi ikafungwa pale.

Alasiri baiskeli ikainuliwa juu ya matofali, gurudumu la mbele likawa hewani. Ebenyo akabana ile skrubu ndogo inayozuia mnyororo usianguke nje ya gia ndogo, kisha mwenzake inayozuia usiruke gia kubwa ukaingia kwenye spoki. Akavuta waya unaotoka kwenye levi, akaukaza, akazungusha pedali. Tak, mnyororo ukapanda. Tak, ukapanda tena. Tak, tak, ukashuka. Watu wa kibanda cha chai walisimama kutazama.

"Imekubali!" Ebenyo alisema.

Wakaenda kujaribu Kawalase, laga ya hapo Lodwar. Hamdiya alishuka kwenye mchanga, akazungusha kwa nguvu, akabonyeza levi. Mnyororo ukasita, ukanguruma, kisha ukaruka wote mara moja ukapita gia kubwa na kuingia kwenye spoki. Pakasikika mlio wa chuma kukatika. Baiskeli ikasimama ghafla, Hamdiya akagonga kifua kwenye nguzo.

Ebenyo alikimbia, uso umembadilika. "Dada, umeumia? Pole. Pole sana. Ni makosa yangu."

"Niko sawa."

"Nitakurudishia kama ilivyokuwa. Hii kitu inaweza kukuvunja mkono."

Hamdiya alikuwa bado anahema. Hakumtazama yeye, alikuwa anatazama chini, kati ya mikono yake, moja kwa moja kwenye gurudumu. "Fundi, njoo usimame hapa nyuma yangu. Juu. Usichuchumae."

Ebenyo akasimama nyuma ya kiti, akatazama kupitia begani kwake.

"Unaona gia zinavyotazama mbele? Sasa tazama hicho chuma chako. Kinatazama pembeni."

Ilikuwa kweli. Akiwa amechuchumaa ubavuni hangeweza kuona, lakini kutoka kitini mwake ilikuwa wazi. Bamba lilikuwa limechomelewa likiwa limepinda kidogo, na kihamisha mnyororo kilielekea kwenye spoki badala ya kwenda sambamba na gia. Juu ya matofali, bila uzito, kilikuwa kimewadanganya wote wawili.

"Ndiyo maana," Ebenyo alisema polepole. "Ndiyo maana imeruka." Halafu akacheka, safari hii kwa furaha. "Kesho tunainyoosha. Ukae hapo hapo juu, uwe jicho langu."

Kesho yake alilibana lile bamba kwa spana kubwa, akawa analikunja kidogo kidogo, naye Hamdiya akisema kutoka juu, "Bado. Bado. Umepitisha, rudisha. Hapo." Spoki mpya zikaingia. Skrubu ya ndani ikabanwa upya, na Ebenyo akausukuma mnyororo kwa kidole kuelekea spoki ili ahakikishe haufiki tena.

Kisha akamfundisha. Hakuwahi kumfundisha mteja, maana wengi hawataki kujua, wanataka kupanda tu waende. Hamdiya alitaka kujua kila kitu. Akamwonyesha kile kikombe kidogo mwishoni mwa waya, cha kuzungusha kwa vidole bila spana. "Mnyororo ukisita kupanda gia kubwa, waya umelegea. Fungua hiki kidogo, waya utakaza. Ukisita kushuka gia ndogo, umekaza mno. Rudisha. Kidogo tu, nusu mzunguko, halafu sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Ikiwa sawa utasikia sauti moja tu ya mnyororo unaotembea. Ikiwa haiko sawa utasikia kama mtu anatafuna mchanga."

Na jambo la mwisho, ambalo Ebenyo alilirudia mpaka Hamdiya akamwambia ameshasikia: abadilishe gia mapema, kabla ya kilima, baiskeli ikiwa bado inatembea. Na wakati wa kubadilisha, mikono iendelee kuzunguka lakini ilegee kidogo, kama mtu anayeshika yai. Mnyororo ukivutwa kwa nguvu zote hauwezi kuhama.

Walirudi Kawalase, wakarudi tena. Hamdiya alikwama, akakosea, akabonyeza akiwa amechelewa, akazungusha kikombe, akajaribu upya. Jasho lilimlowesha mtandio. Alipouliza "Tena?" hakungoja jibu. Ebenyo alikaa kwenye kivuli cha mti wa mathenge akimtazama, na polepole akasahau kutazama gia. Alikuwa anatazama ile mikono. Alijua waendesha baiskeli wenye miguu mizuri ambao wangekuwa wameenda nyumbani.

Abdisamad aliporudi na lori, Ebenyo alifunga kibanda, akatia bisibisi mfukoni, akapanda nao. "Nataka kuona," alisema. Hakuna aliyemuuliza kuona nini.

Alfajiri, kabla jua halijakaza, walikuwa ukingoni mwa Tarach. Wanawake walikuwa wakivuka na madumu, wanafunzi na vitabu vyao. Faiso, mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa, alishuka mbio kutoka nyumbani, tayari anakunja mikono ya gauni.

"Hamdiya! Umerudi bila kuniambia? Ngoja nikushike."

"Faiso, leo usinisukume. Tembea nami tu."

Faiso akamtazama, akamtazama na yule Mturkana mgeni, akaishusha mikono.

Hamdiya alibonyeza levi mara mbili akiwa bado kwenye ardhi ngumu. Ebenyo alisikia tak, tak, safi. Baiskeli ikashuka, magurudumu yakazama kwenye mchanga, mwendo ukapungua. Pedali zikaendelea kuzunguka, nyepesi na haraka, na gurudumu la mbele likaendelea kula mchanga kidogo kidogo. Katikati ya laga ukaanza ule mlio wa kutafuna. Ebenyo alikuwa ameshanyanyua mguu kukimbia, lakini Hamdiya tayari alikuwa amenyoosha mkono chini, amekigeuza kile kikombe, huku mkono mwingine ukizungusha. Mlio ukapotea.

Faiso alikuwa anatembea ubavuni mwake akimtazama usoni. Miaka yote alikuwa ameona kisogo chake tu. "Kumbe ukijitahidi unauma ulimi," alisema.

"Usinichekeshe, nitasimama!"

Ukingo wa pili ulikuwa mkali. Watu wawili walitaka kusaidia. Faiso akawazuia kwa mkono. Hamdiya akabonyeza gia ya mwisho, mikono ikalegea kwa pumzi moja, mnyororo ukapanda bila kelele. Akapanda nusu. Gurudumu likateleza, likarudi nyuma kidogo, likashika. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Halafu kiti kikainuka, kikalala sawa, na alikuwa juu, kwenye barabara ya kituo.

Faiso akapiga kigelegele. Hamdiya alisimama, akajifuta uso, akawageukia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama Ebenyo, akaweka mkono kifuani pake mwenyewe. Kisha akasema, "Nina darasa, fundi. Njoo mchana tunywe chai," akabadilisha gia, akaondoka kwa kasi iliyomlazimu Faiso kukimbia.

Ebenyo alikaa ukingoni akamwaga mchanga kwenye viatu vyake.

Mchana alimkuta nje ya kituo, wanafunzi wake wameizunguka baiskeli, Wasomali, Wakongo na Wanuer, kila mmoja anataka kubonyeza levi. Hamdiya aliwaonyesha mnyororo unavyopanda, akawapiga vidole kwa upole walipovuta kwa nguvu. Ebenyo alingoja mpaka wakaingia ndani, akapokea kikombe cha chai, akakaa kwenye ngazi.

"Kuna mzee kwetu Lodwar, Esekon," alisema. "Ana baiskeli kama yako. Lakini mkono wake wa kushoto hauna nguvu, wa kulia ndio unafanya kazi yote. Nimekuwa nawaza tangu asubuhi. Levi yake tungeiweka wapi?"

Hamdiya alipuliza chai, akafikiri.

"Nitajuaje kabla sijamwona anavyokaa?" alisema. "Kaka yangu anapita Lodwar Jumatatu. Mwambie mzee asiende popote."